Maji ya Chemchemi ya Bugarama

Bugarama, Rusizi, Rwanda

Maman yangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto na mashamba ya mpunga. Magoti yako je, yameacha kukusumbua? Na wote hapo Kalemie wanalala vizuri? Sisi tunapumua. Ester amepona, anakimbia uani kama mbuzi, na mume wangu bado yuko kwenye mashine ya kukoboa mchele.

Ulisikia kwamba nimegombana na mtaa mzima, ukaniagiza nirudi nyumbani. Maman, acha nikueleze mwenyewe.

Chini ya kwetu kuna chemchemi. Mzee Kalisa, jirani yetu, ndiye aliyeitilia bomba zamani, na watu wote wanamheshimu kwa ajili hiyo. Maji yake ni meupe, ukiyachota unaona hadi chini ya bidoni. Hayo ndiyo niliyomnywesha Ester. Akaanza kuhara, akapona, akahara tena, mpaka macho yakaingia ndani na nikambeba mgongoni hadi kituo cha afya. Muuguzi aliniuliza tunakunywa maji gani. Nikamwambia ni maji safi. Akaniuliza nimejuaje. Swali hilo, Maman, nilirudi nalo nyumbani na sikuweza kulilaza.

Mtoto alipopata nafuu nilikwenda kwenye ofisi ya maji, nikaomba waje kuyapima. Mume wangu aliniomba ninyamaze, kwamba sisi ni wageni na mgeni hachokozi nyumba aliyopokelewa. Nilikwenda hata hivyo. Walinirudisha, nikaenda tena, mpaka fundi mmoja akaja na chupa zake ndogo.

Majibu yalisomwa mbele ya watu wote kwenye mkutano wa mtaa. Maji ya robine, bomba la mtaa kule juu barabarani, ni mazuri. Ya chemchemi yana uchafu wa vyoo, kwa sababu tumejenga vyoo mlimani juu yake. Cha karibu kabisa ni cha Mzee Kalisa. Alisimama, akanigeukia.

“Baba yangu alikunywa maji haya mpaka akazeeka,” alisema. “Sasa weye mugeni njo unakuya kutukataza maji yetu?”

“Ni kweli, Papa, mi ni mugeni,” nilimjibu. “Lakini tumbo ya mutoto haijue ugeni. Batoto ba hapa banaugua sawa na wangu.”

Hakuna aliyenipigia makofi. Robine iko mbali na mlima ni mkali, kwa hiyo waliona nimewaongezea mzigo. Wanawake waliacha kunisalimu. Mmoja alimwaga maji machafu mlangoni kwangu. Mimi nilibeba bidoni yangu kila asubuhi, nikapita katikati yao, nikawasalimu kwa majina. Na kila niliyemkuta chemchemini nilimwambia: kama huwezi kupanda, basi chemsha.

Juma lililopita, mke wa Mzee Kalisa alinikuta njiani nikipanda, naye ana bidoni tupu kichwani. Mjukuu wake alikuwa ametoka kituo cha afya. Hakuzungumza habari hiyo sana. Alisema tu kwamba kupanda wawili si sawa na kupanda peke yako. Leo tulikuwa watano. Mzee mwenyewe bado anakunywa ya chemchemi na hanitazami, lakini wanawe wanachimba choo kipya upande wa pili, mbali kabisa.

Kwa hiyo sirudi, Maman. Anayetaka nihame hapa atachoka kabla yangu.

Msalimie kaka, fundi wa mashine za mitumbwi, na shangazi muuza ndakala. Mwambie harufu ya visamaki hivyo kwenye kikaango chake naikumbuka. Mkumbatie mdogo wangu anayesomea ushonaji.

Na wewe ukipata nguvu, vuka mpaka uje. Nitakupa maji ya kunywa, na nitakuambia yametoka wapi.

Binti yako asiyenyamaza,
Mama Ester