Kila Mtu na Miguu Yake

Isozawa, Alhamisi, 10 Machi 2011
Asubuhi baridi kavu, mawingu membamba, upepo wa kaskazini.

Kwako mwanangu Chizuru,

Hujambo wewe, na huyo mgeni wa tumboni hajambo? Miguu bado inavimba? Sisi wazima, ila magoti ya baba yako yamekwisha kutangaza theluji.

Jana kabla ya mchana nchi ilitikisika kwa nguvu. Tumepoteza vikombe viwili tu. Tulipanda mlimani makaburini kama desturi, tukangoja kwenye baridi, na bahari ilipokuja ilivuruga kamba za mwani, basi. Watu walishuka wakicheka. Bi Iwabuchi wa duka la tofu alisema safari nyingine atabaki jikoni kwake, amechoka kupandishwa mlima kwa ajili ya maji ya kunawia miguu.

Baba yako hakucheka. Alimwambia, "Mama, nchi ikitikisika, kila mtu na miguu yake. Usimngoje mtu, usimrudie mtu. Bibi yangu alimrudia mumewe, wakaenda na maji wote wawili."

"Wewe hasa nitakuacha kwa furaha," Bi Iwabuchi akamjibu.

Nyumbani alinirudilia hayo hayo: nisimtafute, naye hatanitafuta, tutakutana juu. Nikamwambia nimesikia, ninasikia tangu niolewe.

Chumba chako kiko tayari, godoro nimelianika. Najua utafika kabla ya barua hii, lakini nimezoea kuandika, na utaikuta ukirudi kwako na mtoto. Kesho baba yako atatoka mapema kununua maharage mekundu mjini, kisha atakungoja stesheni, treni ya saa tisa alasiri. Nimemwambia achukue simu yangu, amesema hawezi kubeba kitu kinachopiga kelele mfukoni.

Mama yako

*Chizuru, mama yako ameandika kwenye daftari lake kwamba jana alilala saa nne kasorobo. Uongo. Tangu saa tatu alikuwa anakoroma. Njoo uwe shahidi. Baba.*

---

Kumamoto, 15 Machi 2011

Mama, Baba,

Hamjambo? Sijui kama swali hilo lina mtu wa kulijibu. Juu ya bahasha nimeandika "Watu wa Isozawa, popote walipo". Karani wa posta ya hapa hospitali aliisoma kabla sijaifunga, akaniangalia tumbo, akabandika stempu.

Barua yenu ya tarehe kumi ilifika jana. Niliposoma mstari wa Baba nilicheka, halafu nikashindwa kuacha kulia mpaka mama mkwe akamwita daktari.

Kwenye televisheni wameonyesha Isozawa mara moja tu, kutoka angani. Nililiona paa la hekalu. Stesheni sikuiona. Mume wangu Nobuaki anataka kuja kwa gari lakini huko kwenu petroli haipatikani, na mimi nimelazwa kwa ajili ya presha. Ni presha hiyo hiyo iliyonizuia Ijumaa. Mama, nilipokupigia asubuhi ile kukwambia daktari amenikataza safari, ulisema Baba ameshatoka. Kuna mtu aliyemwambia kwamba siji?

Nipeni neno moja.

Mwanenu Chizuru

---

Ukumbi wa shule ya sekondari, 22 Machi 2011
Theluji nyepesi tangu alfajiri, kisha jua.

Mwanangu Chizuru,

Barua yako imenifikia. Mtu wa posta alisimama mlangoni akasoma majina ya waliotuma, na lako nililisikia kabla hajalimaliza. Presha imeshuka? Unakula? Usile chumvi, hata kama mama mkwe wako anaona chakula bila chumvi ni adhabu.

Mimi mzima. Nilipanda makaburini na viatu vya jikoni, daftari mfukoni. Nyumba haipo, na hilo tusilizungumze sasa. Tunalala ukumbini, kila familia na boksi zake za kuzuia upepo. Bi Iwabuchi yupo, amevunjika mkono, anauguzwa upande wa pili na hazungumzi na mtu. Ninapika supu kwa zamu na kugawa blanketi, maana wamegundua kwamba kitu nikikihesabu mimi hakipotei.

Baba yako ameumia mkono, ndiyo maana hakuna mstari wake. Usiwe na wasiwasi. Kazi yako sasa ni moja tu.

Mama yako

---

Kumamoto, 27 Machi 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Niliisoma barua yako kwa sauti, na wauguzi wawili wakaketi kitandani kwangu kusikiliza. Presha inashuka. Mtoto anapiga mateke kama anayedai njia.

Pole kwa nyumba. Mwambie Baba pole kwa mkono. Mwambie pia aandike kwa ule mwingine. Nilipokuwa darasa la pili alianguka kwenye ngazi ya ghala akavunjika mkono wa kulia, na bado aliniwekea mchoro wa ngisi kwenye sanduku la chakula kwa mkono wa kushoto. Ulifanana na soksi. Nataka soksi kama ile.

Tena hukunijibu: alijua kwamba sikuwa kwenye treni ile?

Mwanao Chizuru

---

Ukumbi wa shule, 4 Aprili 2011
Mawingu. Upepo unatoka baharini.

Mwanangu,

Natumai wewe na mtoto mko salama. Mimi sijambo.

Baba yako amekwenda bara kwa ndugu yake kutafuta mchele. Huko posta haifanyi kazi vizuri. Akirudi ataandika.

Usiulize mengi. Zaa kwanza.

Mama yako

---

Kumamoto, 10 Aprili 2011

Mama,

Salamu kutoka kwetu sote, na sasa tuko watatu. Amezaliwa jana asubuhi, msichana, sauti kubwa, masikio ya Baba yale yale yaliyosimama. Nimepona. Presha imerudi mahali pake. Nakuandikia nikiwa nimeketi, nimekula, na daktari amesema nina nguvu. Nayasema haya kwanza ili usipate sababu nyingine.

Mwenye mkono mbovu habebi mchele, Mama. Nami najua tangu barua yako ya kwanza kutoka ukumbini. Baba angekuwepo angeandika hata kwa meno, kwamba wanawake wote wa ukumbini wanalalamikia kukoroma kwako.

Sikulaumu. Nilinyamaza ili wewe nawe upate mtu mmoja wa kumtunza. Lakini kuna jambo moja linalonirudia kila nikimnyonyesha mtoto. Alikuwa stesheni kwa ajili yangu. Niambie hilo tu, na uniambie kweli.

Alinisubiri?

Chizuru

---

Ukumbi wa shule, 17 Aprili 2011
Asubuhi shwari, umande. Mcheri mmoja nyuma ya shule umeanza kuchanua.

Mwanangu Chizuru, na mjukuu wangu,

Nimefurahi mpaka nikamsimamisha mgawa maji nikamwonyesha barua yako. Mfunike masikio mtoto, hayo masikio hushika baridi.

Mwili wa baba yako ulipatikana mwezi huo huo wa Machi. Nilimtambua mwenyewe. Sikukuandikia kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu swali lako lilikuwa langu pia. Nilijua yuko stesheni, Chizuru. Nchi ilipotikisika nilijua yuko huko, hajui kwamba huji, nami nikapanda mlima. Usiku kucha najiuliza kama nilimwacha akikungoja kwenye reli.

Juzi Bi Iwabuchi aliniita. Alikuwa ameshuka stesheni siku ile kumpelekea mteja tofu. Nchi ilipotulia alijiketisha kwenye benchi, akasema magoti hayataki. Baba yako akamwinua kwa mshipi wa aproni. Bi Iwabuchi akamuuliza, "Na binti yako je? Treni yake inakuja."

Akamwambia, "Chizuru ana miguu. Nilimfundisha mwenyewe. Twende."

Hakutazama nyuma, mwanangu. Nilimuuliza Bi Iwabuchi mara mbili, nikamuuliza tena jana akiwa ameshiba. Walipanda hadi kiwanja cha kujiokoa, kile kilichowekewa jiwe la kuonyesha maji ya zamani yalikofika. Watu walisimama pale wakaona wamefika. Maji yalipopita lile jiwe, baba yako alimsukumia Bi Iwabuchi barabara ya juu, ndipo mkono wa mama huyo ulipovunjika. Baba yako alikuwa anapanda nyuma yake. Hakurudi chini. Bahari ndiyo iliyopanda zaidi ya kumbukumbu yetu.

Kwa hiyo hakukusubiri. Aliamini kwamba unakimbia. Na mimi aliamini kwamba nakimbia, nami kweli nilikuwa nakimbia. Basi tulishika ahadi sote watatu: hakuna aliyemngoja wala kumrudia mwenzake.

Bi Iwabuchi anasema hata akivutwa kwa mshipi alimtukana njia nzima. Anaomba mtoto asirithi ubishi wa babu yake. Nimemwambia amechelewa.

Barabara ikifunguliwa nitakuja. Nitakaa siku arubaini zako zote.

Mama yako

Asubuhi ya tarehe 18, kabla sijafunga bahasha: mvua ndogo. Tangu siku ile mahali pa saa ya kulala kwenye daftari nilipaacha wazi, kwa kuwa sikuwa na cha kuandika. Leo nimeandika. Jana nililala saa tatu na robo, na hakuna wa kunipinga.