Malkia wa Zuhura Anacheka

Duisburg, 6 Februari 1984

Baba mpendwa,

Nakubusu mkono. Huku tu wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Kifua chako kimetulia?

Jana mwenye duka la Kituruki alituazima kaseti ya filamu ya kwetu, eti vita vya sayari ya Zuhura. Majirani wakajaa sebuleni. Chombo cha angani kinaning'inia kwa uzi, na uzi wenyewe unaonekana! Likaingia zimwi limevaa sufuria kichwani, mkia unaburuzika. Hikmet wa ghorofa ya chini akapiga kelele, "Jamani, zimwi lina saa ya mkononi!" Tulicheka hadi machozi.

Kisha akatoka malkia, amezungushiwa karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Nikasogelea televisheni. Nina picha yake moja tu, ile ya harusi, lakini nilimjua. Ni mama. Miaka yote hii hukuniambia. Kwa nini?

Binti yako,
Mürvet

Istanbul, 27 Februari

Mwanangu Mürvet,

Nakubusu macho. Kifua hakijambo, kikohozi ndicho kimegoma kuhama.

Zimwi ni mimi. Saa pia ni yangu. Vedat, mwongozaji wetu, alisema hata Zuhura watu huchelewa kazini.

Asubuhi ile mwigizaji wa kike alituacha kwenye mataa. Mama yako alikuwa ameniletea bakuli la dolma, zile zake za wali ndani ya majani ya mzabibu. Vedat akamtazama, akasema, "Dada Sabahat, tua hilo bakuli. Leo wewe malkia." Wewe ulikuwa bado unanyonya. Mwaka uliofuata tukamzika.

Watu waliicheka sana ile filamu. Mimi wanicheke, sawa, lakini yeye sikutaka. Nikaacha kuitaja. Baadaye nikasikia nakala zote zimechomwa, nikasema afadhali.

Baba yako

Duisburg, 15 Machi

Baba mpendwa,

Nakubusu mkono. Kikohozi vipi? Na usiniambie hakijambo.

Hakuna anayemcheka mama. Nadide, mke wa Hikmet, anasema hata angevaa gunia angebaki malkia. Lakini sauti inasema, "Watu wa dunia, salimuni amri!" huku midomo ikisema jingine, tena anacheka. Sauti ni yake? Alikuwa anasema nini?

Nadide anakuja likizo, nimempa kaseti akuletee. Sisi tumeshajinakilia. Itazame, baba. Nakuomba.

Binti yako,
Mürvet

Istanbul, 2 Juni

Mwanangu,

Nakubusu macho. Usininunie kwa kukaa kimya. Kaseti ilifika zamani, nikaiweka juu ya kabati, nikawa naipita tu.

Jana nikaipeleka mkahawani kwa Şakir, ndiye mwenye video. Nilimwomba afunge mlango. Hakufunga, na wazee wote wakasogeza viti. Walinicheka nilipoanguka na sufuria yangu. Nami nikacheka. Ndipo akatokea.

Sauti si yake, aliwekewa ya mtu mwingine studioni. Yeye alikuwa ananiambia mimi, "Nizamettin, mkia wako unaungua!" Na ulikuwa unaungua kweli, kwa baruti za Vedat. Vedat anamkemea asicheke, mkanda unaisha. Ndiyo kwanza anazidi.

Nilikuwa nimesahau anavyogeuka, bega la kushoto likitangulia. Wewe hugeuka hivyo hivyo, nami siku zote nilidhani umerithi kwa shangazi yako.

Şakir akauliza, "Turudishe nyuma?"

"Rudisha," nikasema. Akarudisha, akarudisha tena, mpaka wake za watu wakaanza kuwafuata waume zao mlangoni, nao wakavuta viti.

Mwenye duka mwambie asiingoje kaseti yake.

Baba yako