Bomu Nililolishona Mwenyewe

Jumamosi. Mvua imepiga Nyamirambo tangu asubuhi, cherehani nimeifunika, na moyo wangu haujatulia.

Mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema nashuku hata chumvi. Basi leo nimeshuku makofi.

Nilishaandika hapa kwamba nashona vikaragosi vya filamu ya kufundisha watoto kujihadhari na mabomu ya kutegwa ardhini. Itapelekwa upande wa Kongo, kwa watoto wanaochunga mbuzi na kuchota maji mahali vita vilipopita. Nilishona msichana wa kitambaa, Kadogo, nikashona na bomu lenyewe: la mviringo, la kijani, limejaa pamba. Kwenye filamu Kadogo analiona bomu, anarudisha mkono. "Usiguse! Mwambie mkubwa!" Halafu mama yake anatokea, bomu liko palepale mbele yao, wanaimba. Meza ya kuchezeshea vikaragosi ilikuwa moja tu, wangekwenda wapi?

Leo filamu ilijaribiwa kwenye ukumbi mmoja Kicukiro. Nilikwenda na binti yangu Zuhura, ana miaka sita. Vikaragosi vyenyewe, na bomu pia, tulivipanga mezani watoto wavione. Watoto walipiga makofi mpaka basi. Gaspard, mwongozaji wetu wa filamu, akawauliza, "Ukiona bomu?" Wakajibu kwa sauti moja, hawakukosea hata neno. Akanigeukia anacheka: "Yego, ndiyo! Umeona, dada? Wameelewa."

Mtoto anayejibu haraka hivyo simwamini. Nilidhani wamepangwa, wameahidiwa biskuti. Nikarudi na basi nimenuna, najisemea huyu Gaspard ana lake jambo.

Kumbe shaka yangu niliiweka pasipo pake.

Tulipofika nyumbani tu, Zuhura akaniita. Amebeba sweta lake kwa mikono miwili, polepole, kana kwamba ndani kuna mayai. Akalifunua. Bomu langu! Alilichukua mezani wakati sisi wakubwa tunakunywa fanta.

"Zuhura! Si umeambiwa usiguse?"

"Sijaligusa, mama. Nimelishika na sweta."

"Na huku umelileta kwa nini?"

Akanishangaa kweli. "Si wamesema tumwambie mkubwa? Nimekuletea wewe."

Nikalipokea sweta, nikakaa chini.

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa kosa gani? Kafanya kila alichofundishwa. Hakuna aliyemwambia aliache lilipo, arudi kwa njia ileile aliyojia. Na mimi filamu ile nimeiona mara ngapi, jamani, macho yangu yako kwenye mishono tu! Naona aibu kuandika hivi.

Nilimpigia Gaspard. "Dada, usijali," akasema, "ni mtoto mmoja tu." Eti mmoja tu. Huko inakokwenda, huyo mmoja atakuwa amebeba la kweli, anampelekea mama yake jikoni.

Filamu inaondoka Jumatatu mchana, pamoja na vikaragosi vyake. Jumatatu asubuhi Gaspard atatukuta mlangoni kwake, mimi na Zuhura na sweta. Amwangalie Zuhura usoni, halafu arudie hayo maneno yake. Asipokubali kuirekebisha kwanza, Kadogo ni kazi ya mikono yangu na mkasi ninao.

Bomu nimeliweka juu ya kabati. Ni pamba tupu, nimelijaza mwenyewe. Lakini jioni nzima, kila nikipita hapo, nazunguka mbali.