Kopo la Mafuta Ulilochanganya Dawa

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hofu. Wewe ndiye ninayetamani kukuuliza, ingawa kaburi lako kule Mbozi limeshaota nyasi. Neema, mjukuu wako ambaye hukuwahi kumwona, amepata pumu ya ngozi kama yangu. Baridi ya Juni ilipoingia tu, viwiko na nyuma ya magoti vikapasuka. Anajikuna hadi shuka linashika damu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukivuka mpaka kutoka hapa Tunduma kwenda Nakonde kuniletea ile dawa ya tyubu? Muuzaji, akikuita mama kwa lugha ya kwao, alikwambia, "Bamayo, hii ni kiboko, paka popote." Ukafanya kama akina mama wengi wa mtaani kwetu: ukaikamulia yote kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, ukakoroga kwa kijiko ili idumu. Tukawa tunajipaka kila tukitoka kuoga, nyumba nzima, mwili mzima, miaka nenda miaka rudi. Kanisani walikusifu kwamba wanao tunang'aa. Ulifurahi, na mimi nilifurahi kulala bila kujikuna.

Mama, ngozi ya mikono yangu imekuwa nyembamba. Nikijigonga kidogo mlangoni, panavilia damu. Daktari kule Vwawa aliishika, akauliza nilipaka nini na kwa kiasi gani. Nikamtajia ile ya tyubu, akasema ikipakwa kupita kiasi hula ngozi. Nani angejua kipimo cha dawa ndani ya kopo lile?

Halafu akamwandikia Neema dawa ya jamii ileile.

"Hii ni ya nguvu ndogo, mama Neema," akasema. "Paka palipoathirika tu, kiasi nilichokuonyesha, pakitulia uache. Usipompaka, atajichubua na vidonda vitaingia wadudu."

Nikamuuliza, akishakuwa mtu mzima je? Akasema niwe namrudisha, watamwangalia anavyokua. Namwamini, lakini bado naogopa. Hata wewe ulimwamini yule wa Nakonde.

Sikulaumu, Mama. Ulitaka nilale.

Leo asubuhi nimempaka. Akaniuliza, "Na wewe bibi alikuwa anakupaka?"

"Alikuwa ananipaka."

"Ukapona?"

Nikamwambia ndiyo, huku navuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole.

Pumzika, Mama. Huku woga wako wa kumwona mtoto akijikuna usiku nimeurithi.

Mwanao,
mama Neema