Baba Alitaka Kusema na Mama, Nikamwambia Amelala

Assalaam alaykum Bi Hija. Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu jambo lenyewe sijamwambia mtu isipokuwa mke wangu, na tangu nimwambie limezidi kunielemea.

Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Jadida, Wete, na wazee wangu kwao ni Wawi. Mama yangu hajapata kutoka Pemba ila kwenda Unguja hospitali mara mbili, na tangu wajukuu walipoanza kumuonesha wanyama kwenye simu akawa hana neno jengine, anataka amuone ndovu kwa macho yake kabla hajafa, basi likizo ya Disemba nikasema nitampeleka, tuvuke kwa boti hadi Tanga, tuchukue gari la shemeji yangu, tuingie Kenya, tupite mbuga za Shimba na Tsavo mpaka Amboseli, siku saba, mimi na mke wangu Nahla na watoto wetu wawili na yeye. Baba mwanzo alikubali, lakini presha ikawa inampanda, na asubuhi ya safari mama alipoingia chumbani kumuaga na kutaka radhi yake, kama ilivyo ada yetu, baba akageukia ukutani akamwambia, "Mke mwenye mume mgonjwa haendi kutizama hayawani." Mama akataka kuvua buibui abaki, na mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwambia twende mama, hasira za mzee ni za asubuhi tu, adhuhuri zitakuwa zishapoa.

Siku ya nne tuko Tsavo, tumesimama penye banda la kupumzikia juu ya bwawa, ndovu wamekuja kunywa maji, wote wamejaa vumbi jekundu, mama kajishika kifua anasema, "Subhanallah, ndiye huyu wa sura ya Alamtara?" na anacheka na wajukuu zake, na Bi Hija, sijapata kumuona mama yangu akicheka vile. Hapo hapo simu yangu ikalia, nikaona ni baba, nikasogea pembeni. Akasema, "Hebu n'pe mamako n'seme naye." Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya baba ninayemjua, na nikajua mama akiisikia tu atasema turudi sasa hivi, safari yote imekwisha. Nikamwambia mama kalala ndani ya gari. Akasema, "Basi akiamka mwambie mie n'shamridhia, duniani na akhera. Na lile neno n'lilomwambia, aniwie radhi." Nikasema nitamwambia. Mama akaniuliza nani yule, nikamjibu ni shemeji anauliza gari lake.

Nilitaka nimwambie jioni, wallahi nilitaka. Alasiri dada yangu Kauthar akapiga simu, baba kaanguka akitawadha, hakuamka tena. Asubuhi yake wakamzika nasi bado tuko njiani, na tulipofika Wawi tulikuta watu wanasoma khitma.

Sasa mama yumo kwenye eda, mwezi wa tatu huu, na anaamini mumewe kafa amemkasirikia. Kila nikenda ananiuliza, "Mwanangu, siku zote nne zile babako hakuniulizia?" na mimi namjibu hakupiga. Anafunga karibu kila siku, amewaambia watoto wafute picha zote za ndovu, na wiki iliyopita kamtuma Kauthar kwa shehe akaulize, mke aliyefiwa na mume hajamridhia hali yake ni ipi. Nahla anasema ninyamaze, nisimtoneshe mama kidonda, eda ikiisha atasahau. Mimi nimefikiri nimwambie nimemuota baba, kanijia usingizini kaniambia maneno yale yale, hivyo ujumbe utamfika na mimi sitoonekana mbaya. Je, kuna ubaya? Naogopa akiujua ukweli naye ataninyima radhi yake.

Hafidh (si jina langu), Jadida, Wete.

BI HIJA ANAJIBU

Waalaykum salaam, Hafidh. Nimeisoma mpaka mwisho, na nimekukasirikia vile vile.

Pole kwa kufiwa na baba. Nasema pole kwa dhati, kwa sababu najua hukukusudia ubaya. Ulimuona mama yako anacheka ukataka acheke kidogo tena. Kosa la pale bwawani mtu mwengine angeweza kulifanya, hata mimi. Lakini haya ya miezi mitatu ni yako peke yako. Mama amekuuliza mara ngapi, nawe ukimtazama usoni ukasema hakupiga?

Na sasa unataka kuota! Huoni haya, mwalimu mzima, kumzulia ndoto maiti? Mwanamke anayetuma mtu kwa shehe hatatulizwa na njozi ya mwanawe. Atajiuliza ni kweli au ni shetani kakuchezea, na shaka ile ile itabaki kifuani. Baba yako alisema akiwa macho, mchana, kwa ulimi wake. Mpe mama kitu hicho, usimpe cha kubuni.

Nahla anakutakia mema, lakini hapa amekosea. Hili halisahauliki. Tena wewe unadhani uliyemnyima ni mama tu. Baba yako naye aliomba radhi, na mwenye kuitoa hajui hata kama aliombwa. Umewazuia wote wawili, mmoja ndani ya nyumba na mwengine kaburini.

Kesho nenda Wawi, usingoje Ijumaa. Nenda peke yako, mke na watoto waache Wete. Mwambie Kauthar kabla, akae karibu, na hilo suala la shehe aliwache. Kaa chini mbele ya mama yako, uanze na maneno ya baba, kama alivyoyasema, usizidishe wala usipunguze, na umtajie siku na saa. Kama simu bado inaonesha alipopiga, mfungulie aone. Kisha useme, "Nilimwambia umelala." Usitaje furaha yake wala ndovu wala umbali wa safari. Ukishasema, nyamaza. Akilia, muache alie. Akikufukuza, toka ukae barazani mpaka akuite, usirudi Wete. Na akitamka kumuwia radhi mumewe, wewe itikia amin tu.

Lakini usimuombe radhi yako siku hiyo. Siku hiyo ni ya mama yako na baba yako, wewe ndiye uliyewakalisha kungoja. Yako kaiombe baadaye, na akikunyima, kaa nako huko kunyimwa kama alivyokaa yeye miezi mitatu.