Flashi Ndani ya Kopo la Poda

Mshauri wangu, nimekwama na naomba unikwamue, na kabla ya yote nataka unisaidie kumkanusha shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyesema mbele ya wateja, "Muziki wa studio ni maiti aliyepakwa poda." Maneno hayo yameniuma kwa sababu mimi ni kinyozi, poda ni kazi yangu, na muziki wa studio ndiyo saa yangu.

Mimi na shemeji tuna duka la kunyoa, mwaka wa kumi na moja sasa, viti viwili, kioo kimoja kirefu, spika moja juu ya kabati la taulo, na mwaka jana mteja wetu mmoja, fundi wa lifti aliyefanya kazi ng'ambo miaka mingi, alituletea flashi mbili za bendi moja ya Waairishi, ya bluu ina albamu zao za studio na nyekundu ina rekodi za laivu, na sijui nikueleze vipi, watu hawa wana fidla na kodiani na filimbi ya bati kama wazee wa kijijini kwao, halafu wanazipiga kwa hasira ya muziki wa panki, gitaa linanguruma, ngoma inakimbia, wanaimba msiba kwa mwendo wa harusi, na maneno nusu hatuyaelewi lakini hata mzee anayekuja kupunguzwa ndevu tu anapiga mguu.

Sasa mimi nilizoea ile ya bluu nikaifanya kipimo: nyimbo tatu, kichwa kimoja. Wimbo wa kwanza upande wa kushoto na kisogo, wa pili upande wa kulia na utosi, wa tatu naweka mstari, napiga brashi, napaka poda, karibu tena. Shemeji anataka nyekundu. Anasema, "Shemeji, hawa wako wa studio wamekaa kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Sikiliza hawa, wanatoka jasho!" Namjibu, "Hilo jasho ndilo linaloharibu nyimbo. Uzi wa fidla unakatika, na wao wanaendelea tu kama gari lisilo na tairi."

Siku ya balaa aliweka nyekundu, na kwenye kiti changu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa haraka, miwani ameitia mfukoni, ana kikao cha wazazi. Kumbe kwenye laivu ule wimbo wa kwanza wanausimamisha ghafla, vyombo kimya, watu wanapiga kelele, nami nikajua umekwisha, kumbe ni ujanja wao, wanaurudia kwa kasi maradufu na kuumaliza upesi kabla mashine yangu haijavuka sikio la kulia, na mimi wakati huo nimegeuza shingo namgombeza shemeji kwa makelele ya wale washabiki wake, kichwani nikahesabu mbili, wa tatu nikaweka mstari, nikapaka poda. Mwalimu akavaa kofia yake akakimbia. Kofia aliivua mbele ya wazazi.

Alirudi akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Fundi, mimi nafundisha sehemu. Hii uliyonipa ni nusu au theluthi mbili?" Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Nikamlaumu shemeji na bendi yake. Akanijibu, "Bendi haikushika mashine." Ndipo alipotoa hilo neno la maiti, nami nikamrudishia, "Laivu ni studio iliyolewa."

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Jioni hiyo tulipofunga niliichomoa flashi nyekundu nikaificha ndani ya kopo tupu la poda, juu ya kabati. Asubuhi shemeji akaitafuta kila mahali, mpaka akalimwaga gunia la nywele tulizofagia wiki nzima, akazipekua kwa mikono, mimi nimesimama hapo na ufagio, namsaidia kusikitika. Wiki ya tatu hii. Na kubwa zaidi sijamwambia mtu: kila mchana anapokwenda kula, naingia stoo na kopo langu, naichomeka flashi kwenye redio ndogo, nasikiliza. Mara ya kwanza nilitafuta ushahidi wa kumshinda. Nikafika pale uzi unapokatika, fidla inanyamaza, na wale watu wote ukumbini wanaushika wimbo kwa midomo yao, wanaubeba, mpaka fidla inarudi kwa nyuzi tatu zilizobaki. Nilijikuta nimeikumbatia ndoo ya kupigia deki. Tangu siku hiyo mchana usipofika naumwa.

Juzi shemeji amesema mwisho wa mwezi anahama na kiti chake. "Duka limekuwa kama posta, shemeji. Naenda kwa vinyozi wa sokoni, wanacheka." Mke wangu naye amesema, "Ukimpoteza kaka yangu kwa ajili ya filimbi, utanyoa peke yako na utakula peke yako." Mimi nimewaza niidondoshe flashi nyuma ya kabati, halafu nijifanye nimeiokota. Unaonaje? Tafadhali usiandike jina langu, maana gazeti lako nalinunua mwenyewe kila Jumamosi nikienda kufungua duka, nusu saa kabla shemeji hajafika, na likishafika benchi linasomwa mpaka linachanika.

Kinyozi wa Nyimbo Tatu

*

Kinyozi, "Laivu ni studio iliyolewa," unasema, na unalisema kwa ujasiri wa mtu ambaye kila mchana anajifungia stoo na huyohuyo mlevi.

Nimewasoma wengi wa aina yako, barua zao zimejaa kabati langu, watu wanaoamini kwamba kilicho safi ndicho cha kweli. Si kweli. Studio ni chumba ambamo watu hurudia wimbo mara thelathini mpaka asikohoe mtu. Ni kazi ya heshima, siibezi. Lakini jukwaani hakuna kurudia. Uzi umekatika, umekatika, na watu elfu wanakutazama utafanya nini. Ulichokisikia ukiwa na ndoo yako ni jibu la swali hilo, na studio haijawahi hata kuulizwa.

Shemeji naye asinicheke, maana namjia. Maiti wa poda? Upuuzi mtupu. Bila ile flashi ya bluu, wewe kinyozi usingejua wimbo ule ulikuwa uende wapi, na uzi ulipokatika usingejua kilichookolewa ni nini. Asiyeujua wimbo ulivyotungwa, akisikia watu wanaubeba kwa midomo atadhani ndivyo ulivyo. Anayesikiliza laivu peke yake ni mgeni aliyefika kwenye kicheko na hakusikia kisa. Mnahitajiana nyinyi wawili kama flashi zenu.

Basi bendi tuiache, haina kesi. Mwalimu hakutoka na nusu ya nywele kwa sababu ya Waairishi. Alitoka hivyo kwa sababu ulimnyoa kwa masikio. Kioo kirefu chote kile mbele yako! Kichwa cha mteja kinaisha pale nywele zinapoisha, hata bendi ikipiga nyimbo tisa au isipopiga hata mmoja. Shemeji wako alikuambia hivyo kwa maneno matatu, na kwa kuwa alisema kweli, ukamwibia.

Ndiyo, ukamwibia. Usilizungushe neno. Na nitakuambia kilichonikasirisha kuliko nywele za mwalimu: lile gunia. Mtu mzima, kaka wa mkeo, amepiga magoti anapekua nywele za vichwa vya watu, na wewe umesimama juu yake na ufagio unamsikitikia. Halafu unaniuliza kama uidondoshe nyuma ya kabati! Unataka kuufunika uwongo wa kwanza kwa wa pili, na wa tatu utakuwa sura ya mshangao utakayoivaa ukiiokota. Njia ya mwongo ni fupi, bwana, na yako imekatiza katikati ya duka lenye benchi la watu wenye macho.

Fanya hivi. Chukua kopo kama lilivyo, mpe shemeji mkononi, mwambie, "Niliificha mimi." Neno hilo kwanza, kabla ya sababu yoyote. Akikutukana, pokea, ni haki yake, na mashemeji hutukanana vizuri. Akimaliza, mwambie habari za uzi na za ndoo. Usiipunguze aibu hata kidogo. Mwaka mzima mtu huyu amekuwa akitafuta wa kusikiliza naye, na huyo wa kusikiliza naye alikuwa stoo amekumbatia ndoo! Sidhani kama kuna kinyozi wa sokoni anayeweza kumpa kitu kama hicho. Kisha mwiteni mwalimu wa hesabu, mkalisheni, achague flashi yeye, na wewe umnyoe ukitazama.

Mkeo mpe pole zangu. Anayeishi na nyimbo tatu kwa kichwa anastahili.

Umeniomba nisiandike jina lako, sijaandika. Umenieleza pia, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba gazeti hili linafika dukani nusu saa kabla ya shemeji. Nusu saa hiyo ni yako, na sikuongezei.

Na ninyi mliokaa kwenye benchi la kinyozi mwenye viti viwili na kioo kimoja kirefu, mnaosubiri zamu na gazeti hili mkononi: inueni macho mtazame juu ya kabati la taulo. Kama lile kopo la poda bado liko pale, mwambieni shemeji azime mashine, msomeeni barua hii kwa sauti tangu mwanzo, na mkifika kwenye ndoo msiruke.