Amina ya Majembe

Bunia, Rwambuzi. Jumapili, mvua za kwanza zimeanza. Tangu nitoke nyumbani, maharagi yamevunwa mara mbili.

Mama,

Mikono imepasuka kwa udongo na mgongo unauma, lakini nakuandikia nikicheka. Kazi yangu hapa ni matofali. Tunamwaga maji juu ya udongo, tunaupiga kwa jembe mpaka ulainike. Unajua shule yangu iliishia darasa la tano, basi usitafute makosa ya mwandiko.

Unakumbuka watu wa bunduki walipofunga kanisa letu? Walisema hakuna kukusanyika tena, na kila mtu avae mkononi kamba ya dawa yao ya uganga. Wengi waliogopa. Wewe ukasema, "Wamekataza kusali. Salongo, kazi ya pamoja, hawajakataza." Basi kila Jumapili tukaenda kulima pamoja shambani kwako, kila mtu kwenye mstari wake wa maharagi. Ulisema neno la Mungu pole pole huku ukipalilia, bila kuinua kichwa, na mwisho wa sala majembe yote yalishuka mara moja: pu. Hiyo ndiyo ilikuwa amina yetu. Jirani yako Mama Furaha alikuwa akinung'unika, "Mama, fupisha sala. Mustari yangu imekwisha, sasa nilime nini?"

Na yule mlinzi wao mrefu mwenye kovu shavuni, aliyesimama njiani na bunduki yake. Siku moja akasema, "Wamama, hii salongo yenu iko na nguvu." Ukamjibu, "Kamata jembe, mutoto yangu. Weye pia uko na nguvu." Tuliinama zaidi asione tunacheka.

Kisha mkubwa wao akaja, akakuuliza usoni kama tunasali. Ungeweza kusema hapana. Ulisema, "Ndiyo, tunasali. Siwezi kumukana Yesu sababu ya shamba." Walikupiga, wakakufukuza shambani. Kamba hukuvaa. Na homa ilipokukamata, barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa, na

Hapo siandiki zaidi, Mama.

Sikia ya wiki hii. Niko kwenye udongo, nasikia mtu nyuma yangu anaimba puani wimbo wako wa kupalilia, ule uliotunga mwenyewe. Nageuka: kovu shavuni. Bunduki ameiacha, amekuja kutafuta kazi kama mimi. Nilikuwa na jembe mkononi, nakuambia kweli, nililikaza. Yeye hakunitambua. Akaimba mpaka mwisho, akainua jembe lake, akalishusha: pu. Mahali pa amina kabisa.

Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Akaweka jembe chini.

"Nilijua munasali tangu Jumapili ya kwanza," akasema. "Kwetu pia tuko watu wa sala. Sikumwambia mukubwa. Mwingine ndiye alisema."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Mama yako aliniita mutoto yangu. Kule pori hakuna mutu aliniita vile."

Jembe langu likarudi kwenye udongo lenyewe. Tulifanya kazi mpaka jioni, na leo asubuhi tumekaa benchi moja kanisani. Anaimba vibaya sana, Mama. Ungemtuma nyuma, kwa watoto.

Nyumbani watu wameanza kurudi, ijapokuwa usiku wanalala na viatu miguuni. Yule mkubwa amehamia ng'ambo ya mto, naye ametuma neno kwamba hataki kusikia kanisa. Mama Furaha amemjibu kwamba wamama wanakwenda kulima tu, shambani kwako. Lakini mimi amenitumia habari nyingine: safari hii hakuna kuinama. Wataimba wakiwa wamesimama, sauti yote, kisha ndipo walime.

Yule ndugu mwenye kovu ameniomba aje nami. Anaogopa watu wa kwetu, anaogopa pia mkubwa wake wa zamani. Mimi pia naogopa. Lakini safari tumeshapanga.

Pumzika vizuri, Mama. Kamba sitavaa, na jina la Yesu sitalificha, hata wakiniuliza usoni kama wewe. Jembe lako lingali juu ya mlango wa Mama Furaha. Nilitaka kulishika mwenyewe, lakini nitampa huyu ndugu, kwa sababu ulimwambia akamate jembe, naye alichelewa tu.

Palizi ya kwanza, maharagi yakiwa yamefika kwenye kifundo cha mguu, nitakuwa nyumbani. Tutakuja wawili.

Mtoto wako